Kupima upuuzaji wa upande baada ya kiharusi kwa miwani ya uhalisia pepe: mwongozo kamili

Mgonjwa ameketi mezani. Amepewa karatasi iliyotapakaa nyota na herufi, naye anakata nyota ndogo moja baada ya nyingine hadi zinakwisha. Alama zake ni nzuri. Dakika chache baadaye anaendesha kiti chake cha magurudumu kuelekea mlangoni, na gurudumu la kushoto linagonga mwimo. Anarudi nyuma, anajaribu tena, anagonga palepale. Ukimuuliza kulikoni, atakwambia mlango ni mwembamba.

Karatasi haikudanganya. Ilipima eneo dogo lililo mbele ya kifua, vitu visivyosogea, bila haraka na bila kelele. Maisha hayako hivyo. Uhalisia pepe, yaani mazingira ya kuigizwa na kompyuta yanayoonekana ndani ya miwani, unatuwezesha kumzungushia mgonjwa vitu pande zote, karibu na mbali, vilivyotulia na vinavyosogea, huku kifaa kikirekodi kichwa na macho yake yalielekea wapi kila sekunde. Ila kuna sharti moja nitakalolirudia hadi likuchoshe: kila namba inayotoka kwenye miwani hiyo inahesabiwa kuanzia katikati. Ukikosea kuweka katikati, umekosea vyote, na mashine haitakuonya.

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa tiba kwa kazi, wa tiba ya viungo, wanasaikolojia na madaktari wa urekebishaji wanaotaka kuanza kazi hii vizuri. Nitachukulia kwamba jeraha ni la upande wa kulia wa ubongo na upande unaopuuzwa ni wa kushoto, kwa sababu ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na ndivyo hali inavyokuwa kali na ya kudumu zaidi. Kwa mgonjwa wa upande mwingine, geuza maelekezo.

Jua unachopima

Upuuzaji wa upande ni hali ya mtu kutoshughulika na vitu, watu au hata viungo vyake vilivyo upande ulio kinyume na jeraha la ubongo, na chanzo si upofu wala kupooza. Macho yanaweza kuwa mazima. Kinachopungua ni ule mvuto wa upande huo: hauiti, hausumbui, ni kana kwamba haupo.

Hali hii si moja. Kuna anayepuuza mwili wake mwenyewe, akanyoa ndevu za shavu moja. Kuna anayepuuza vitu vilivyo mahali mkono unapofika, na mwingine anayepuuza vya mbali. Mwaka 1991 Halligan na Marshall walieleza habari za mtu aliyekosea vibaya kugawa mstari katikati ulipokuwa karibu naye, lakini mstari ulipowekwa mbali kosa lake likapungua sana. Kuna anayepuuza upande wa kushoto kwa kulinganisha na kiwiliwili chake, na kuna anayepuuza ubavu wa kushoto wa kila kitu, popote kitu hicho kilipo. Wapo hata wanaopoteza kushoto kwenye picha ya mawazoni: mwaka 1978 Bisiach na Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawasimulie uwanja wa kanisa kuu la Milano wakijifikiria wamesimama upande mmoja wakilitazama kanisa, kisha upande wa pili, kwenye milango ya kanisa, wakiutazama uwanja. Majengo yaliyosahaulika mara ya kwanza yalitajwa mara ya pili, kwa kuwa sasa yalikuwa kulia.

Kwa hiyo kabla hujawasha chochote, andika swali lako kwa sentensi moja. "Je, anapuuza vya mbali akiwa anasogea?" ni swali. "Je, ana upuuzaji?" ni pana mno, na jibu la kifaa kimoja halitalitosheleza.

Hatua ya 1: Vipimo vya kawaida kwanza

Miwani haichukui nafasi ya karatasi wala ya macho yako. Fanya mambo manne siku hiyohiyo au siku moja kabla.

Pima eneo la kuona kwa kukabiliana uso kwa uso: keti mbele ya mgonjwa, akutazame puani, wewe uchezeshe kidole upande mmoja, kisha mwingine, kisha pande zote mbili kwa mpigo. Akikiona cha kushoto kikiwa peke yake lakini kikapotea pale cha kulia kinapochezeshwa pamoja nacho, hiyo ni dalili ya kuzimika kwa kichocheo, iandike. Asipokiona kabisa hata kikiwa peke yake, huenda ana upofu wa nusu ya eneo la kuona. Tutarudi hapo, maana ndipo wengi wanapojikwaa.

Fanya angalau jaribio moja la kukata alama. Jaribio la kengele la Gauthier na wenzake la mwaka 1989 lina kengele 35 katikati ya michoro mingine, nalo linakuonyesha pia mgonjwa alianzia wapi. Lile la matufaha, lenye matufaha mazima na yaliyofunguka ubavu mmoja, lina faida ya kutenganisha upuuzaji unaofuata mwili na ule unaofuata kitu.

Jaza kipimo cha Catherine Bergego kwa kumwangalia mgonjwa akila, akivaa, akitembea. Kina vipengele 10, kila kimoja alama 0 hadi 3, jumla 30. Hiki ndicho kitakachokuambia kama namba za miwani zina maana yoyote maishani mwake.

Mwisho, uone uwezo wake wa kuelewa maelekezo. Mwenye afasia, yaani aliyepata tatizo la lugha kwa sababu ya jeraha la ubongo, anaweza kupimwa, mradi usimtake ataje majina ya vitu.

Hatua ya 2: Nani asivalishwe miwani

Usimvalishe aliyepata degedege karibuni au mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Usimvalishe aliyeondolewa kipande cha fuvu na bado hakijarudishwa: mkanda wa miwani unakaza hapohapo, na baadhi ya wagonjwa wa kiharusi kikubwa hufanyiwa upasuaji huo. Vidonda vya uso, maambukizi ya macho, shingo yenye matatizo, kizunguzungu kikali, kuona vitu viwiliviwili, na fahamu zinazoyumba kutwa nzima ni sababu nyingine za kuahirisha. Kuahirisha si kushindwa. Karatasi bado ipo.

Kwa wengine wote, uliza kuhusu kichefuchefu kabla na baada. Dodoso la Kennedy na wenzake la mwaka 1993 lenye dalili 16 linatumika sana kwa kazi hii. Lijazwe kabla ya kuvaa pia, kwa sababu mtu aliyelazwa anaweza kuwa na uchovu na maumivu ya kichwa tangu asubuhi, kisha ukaja kuisingizia miwani.

Hatua ya 3: Kifaa na programu

Chagua miwani inayojitegemea, isiyo na waya wa kuning'inia begani, yenye kufuatilia kichwa kwa mzunguko na kwa kusogea. Kufuatilia macho ni nyongeza nzuri, si lazima. Hakikisha umbali kati ya lenzi mbili unarekebishika, pana nafasi ya kuvaa miwani ya macho ndani yake, na sehemu inayogusa uso inapanguswa kwa dawa. Miwani nyingi zina uzito wa karibu nusu kilo, na uzito huo wote uko mbele. Shingo dhaifu itaulalamikia baada ya dakika 15. Mkanda mgumu wenye kizito cha nyuma husaidia.

Jambo la kukumbuka kuhusu lenzi: miwani nyingi huonyesha takriban nyuzi 90 hadi 110 kwa upana, ilhali macho yetu mawili hufikia karibu nyuzi 200. Anayevaa anachungulia dunia kama kupitia dirisha. Hata mtu mzima wa afya atalazimika kugeuza kichwa zaidi ya kawaida yake. Hilo lina faida, kwa kuwa mwendo wa kichwa unakuwa data, lakini pia ndiyo sababu huwezi kuchukua kiwango cha kufaulu cha karatasi ukakibandika hapa.

Kwenye programu angalia mambo haya kabla hujalipia. Je, vitu vya kushoto na kulia vinalingana kwa idadi, ukubwa, rangi na ugumu, kana kwamba umekunja karatasi katikati? Je, unaweza kupata data ghafi, yaani muda na nafasi ya kila tukio, au inakupa alama moja tu ya rangi nyekundu au kijani? Programu isiyotoa data ghafi ni mchezo, na mimi siichukui hata ikipambwa vipi. Je, unaweza kuona kwenye tableti kile anachokiona mgonjwa? Na je, unaweza kufunga kitufe cha kuweka upya katikati?

Kisha zima kila kinachoweza kujitokeza bila kuitwa: taarifa za betri, ujumbe, na hasa ile wavu ya mipaka inayowaka mkono unapokaribia ukuta. Wavu ikimetameta upande wa kushoto umemwambia mgonjwa "tazama huku" bila kujua.

Hatua ya 4: Kuketisha na kuweka katikati

Hapa tutulie, kwa sababu kazi nzima iko hapa.

Wagonjwa wengi wa upuuzaji mkali, hata wakiwa wamekaa tu bila kazi, hugeuza macho na kichwa kulia. Sasa fikiria unachofanya: unamvalisha miwani, unamwambia "tazama mbele", unabonyeza kitufe cha kuweka katikati. Kwake "mbele" ni kulia. Kifaa kinaamini. Kinaizungusha dunia yote kuelekea kulia, na vitu vilivyotakiwa kuwa kushoto kwake sasa viko karibu na kati. Anavipata. Anafaulu.

Nilishafanya kosa hilo, tena kwa mgonjwa niliyekuwa nimemwona kwa macho yangu akiacha nusu ya chakula kwenye sahani. Matokeo yalitoka safi, nikaanza kukitilia shaka kile nilichokiona mezani badala ya kukitilia shaka kifaa. Ilinichukua vipindi viwili kugundua kwamba kwenye faili la data, "nyuzi 0" yangu ilikuwa dirishani, siyo ukutani mbele yake.

Fanya hivi:

1. Bandika utepe mrefu sakafuni, ulionyooka. Huo ndio mstari wa katikati wa chumba, na hausogei.
2. Weka kiti kisichozunguka, chenye mikono, katikati ya utepe. Kiti cha magurudumu kifunge breki. Miguu ikanyage chini au kwenye kibao.
3. Kabla ya kumvalisha mgonjwa, shika miwani juu ya kiti, kwenye kimo cha kichwa, ikielekea sawasawa na utepe. Hapo ndipo uweke katikati. Kisha funga kitufe hicho, pamoja na kile cha kwenye rimoti ya mkononi.
4. Mketishe mgonjwa. Linganisha mfupa wa kidari na utepe, mabega yote mawili yakiwa umbali mmoja kutoka kwenye mgongo wa kiti. Mkono wa kushoto uliopooza ulale juu ya mto mapajani.
5. Mvalishe. Panga umbali wa lenzi kwa kumwonyesha maandishi yaliyo katikati.
6. Mwonyeshe chumba kitupu cha kijivu kwa sekunde 30, usimwambie lolote, na urekodi kichwa kilielekea wapi.

Hatua hiyo ya 6 wengi huiruka, nayo inagharimu nusu dakika tu. Kichwa kikitulia nyuzi 12 kulia katika chumba kisicho na chochote cha kutazama, umeshapata dalili kabla jaribio halijaanza.

Kwa nini kiwiliwili kiwe kipimo, na siyo kichwa? Karnath na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba kugeuza kiwiliwili nyuzi 15 kushoto, bila kubadilisha macho wala kichwa, kulipunguza upuuzaji. Maana yake mgonjwa wako aliyeteleza kidogo kitini amebadilisha matokeo yake. Mlinganishe upya kabla ya kila jaribio. Kama una kihisi cha ziada, kifunge kidarini. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko miwani ya bei kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Macho, mkono na mazoezi

Kusawazisha kihisi cha macho kuna mtego wake. Kifaa humwomba mtu atazame vitone kadhaa, vingine vikiwa kushoto. Mgonjwa havitazami, kifaa kinasema kimeshindwa au, vibaya zaidi, kinakubali data mbovu. Tumia vitone vilivyo kwenye mstari wa wima wa katikati pekee ikiwa programu inaruhusu. Isiporuhusu, achana na macho utumie kichwa. Data ya kichwa iliyo sahihi inashinda ya macho yenye mashaka.

Mgonjwa ajibu kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto hata ukiwa na nguvu kidogo usiutumie, kwa sababu kuuchezesha upande huo kunaweza kupunguza upuuzaji wakati wa kipimo. Lakini rimoti ya kulia nayo ina tatizo: ikionekana ndani ya miwani kama mkono wenye mwali unaong'aa, ni kitu kikubwa kinachosogea kulia muda wote, na jicho la mgonjwa huyu hunaswa na vya kulia. Ufiche mwali hadi abonyeze kitufe, au uruhusu ajibu kwa kusema.

Mazoezi yafanyike kwa vitu vinne au vitano vilivyo katikati, usiweke pembeni. Lengo ni aelewe kazi, asijifunze mahali pa kutafuta. Akishindwa mara tatu kuelewa, vua miwani.

Hatua ya 6: Majaribio yenyewe

Mimi hupanga manne, kwa utaratibu huu, yote yasizidi dakika 20 za miwani usoni, na mapumziko ya kuivua baada ya mawili ya kwanza.

*Kutafuta vya karibu.* Vitu lengwa 40 anavyotakiwa kuvitafuta, vipotoshi 80 anavyotakiwa kuviacha, vimesambazwa kuanzia nyuzi 60 kushoto hadi nyuzi 60 kulia, kwenye umbali wa mkono. Hakuna saa inayoonekana. Mgonjwa mwenyewe aseme "nimemaliza", ingawa wewe unaweka kikomo cha dakika 5. Amua mapema kama kitu kilichoguswa kinatoweka au kinabaki na alama. Uamuzi huu si wa mapambo: Mark, Kooistra na Heilman walionyesha mwaka 1988 kwamba wagonjwa walifanya vizuri zaidi walipofuta mistari kuliko walipoiwekea alama, kwa kuwa vya kulia vikiondoka, kunabaki kidogo cha kuwanasa. Mimi huviacha vibaki na alama, kwa sababu dunia haifutiki mtu anapoitazama. Ukichagua vitoweke, basi iwe hivyo kwa wagonjwa wote na kila mara.

*Kutafuta vya mbali.* Mpangilio uleule, vitu vimesogezwa mita 6. Vikuze ili ukubwa wake machoni, kwa nyuzi, ubaki ulivyokuwa. La sivyo hutajua kama umepima umbali au udogo. Kumbuka pia kwamba "mbali" ya miwani ni ya kuigiza. Kioo kiko sentimita chache kutoka machoni, na lenzi inalazimisha jicho lilenge umbali mmoja tu. Tofauti ndogo kati ya karibu na mbali usiitilie maanani. Kubwa, ifuatilie chumbani kwa vitu halisi.

*Njia.* Mgonjwa anasogezwa taratibu kwenye barabara iliyonyooka, na kila anapoona kitu pembeni anakitaja au anabonyeza. Buxbaum na wenzake walijenga jaribio la aina hii lenye vitu pande zote mbili za njia, na wazo lake ni zuri kwa sababu linawanasa wale wanaofaulu kwenye karatasi. Mwendo uwe wa kasi moja, polepole kuliko kutembea, bila kona hata moja. Ni kona zinazotapisha watu. Nusu ya vitu viwe peke yake, nusu vije kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja, upate kuona kuzimika kwa kichocheo.

*Njia yenye mzigo.* Njia ileile, ila sasa anahesabu milio inayosikika. Akili ikipewa kazi ya pili, upuuzaji uliokuwa umejificha hutokeza. Bonato na wenzake wameandika mengi juu ya hili. Sauti itoke kwa usawa masikioni mote mawili. Sauti inayotoka kushoto ni kidokezo.

Wakati wote huo wewe simama nyuma ya kiti, juu ya utepe. Sauti yako nayo ni kichocheo. Jamaa aliyekuja naye akae nyuma vilevile, na umwombe mapema asiseme "mzee, angalia na huku". Huruma ya jamaa imeharibu vipimo vingi. Usimsifu baada ya kitu kimoja kimoja. Ukitaka kujua kama maelekezo yanamsaidia, na ni jambo muhimu kwa tiba, rudia jaribio la kwanza mwishoni kabisa, ukimwambia waziwazi ageuke kushoto. Data hiyo iweke kando, usiichanganye na nyingine.

Hatua ya 7: Kusoma namba

Tuseme umepata hivi. Karibu: amepata 8 kati ya 20 za kushoto, 18 kati ya 20 za kulia. Mbali: 15 na 19. Njia: 5 kati ya 12 kushoto, 12 kati ya 12 kulia. Njia yenye mzigo: 2 na 11.

Hesabu rahisi ni kutoa za kushoto kwenye za kulia, kisha ugawe kwa jumla ya alizopata. Karibu ni 10 kwa 26, yaani 0.38. Mbali ni 4 kwa 34, yaani 0.12. Njia 0.41. Yenye mzigo 0.69. Sifuri maana yake pande ziko sawa. 1 maana yake amepata za kulia tu. Hapa picha inajieleza: vya mbali vilivyotulia vinamsumbua kidogo, vya karibu na vinavyosogea vinamsumbua sana, na akili ikishughulishwa anapoteza karibu kushoto kote. Huyu usimwachie avuke barabara huku anazungumza na simu.

Uwiano huu una kasoro. Aliyepata vitu 2 tu, vyote vya kulia, naye anapewa 1. Kwa hiyo andika daima idadi ya aliyopata pembeni ya uwiano. Njia bora kwa majaribio ya kutafuta ni kituo cha alama kilichopendekezwa na Rorden na Karnath mwaka 2010: unachukua wastani wa nafasi za mlalo za vitu vyote alivyopata, ukivipima kwa skeli ambayo wastani wa vitu vyote ni 0 na kingo ni -1 na +1. Inatofautisha aliyekosa vya ukingoni tu na aliyekosa kuanzia katikati.

Kisha tazama yasiyo ya kupata au kukosa. Kitu cha kwanza kabisa alikipata wapi? Watu wa afya wengi waliozoea kusoma kutoka kushoto huanzia kushoto. Aliyeanzia nyuzi 48 kulia anakuambia jambo. Wastani wa mwelekeo wa kichwa katika jaribio zima ni upi, ukilinganisha na ule wa chumba kitupu? Alirudi mara ngapi kugusa vitu alivyokwisha kugusa kulia? Na hata alipopata vya kushoto, alichukua muda gani? Kuna wagonjwa, hasa miezi kadhaa baada ya kiharusi, wanaopata vyote na uwiano wao ni 0, ila vya kushoto vinawachukua muda mrefu maradufu. Barabarani muda huo ndio ajali.

Swali linalofuata ni "0.38 ni nyingi?" Jibu halipo kwenye kitabu, litoke kwa watu wako wa kulinganisha. Wapime watu wasio na kiharusi, wa umri wa wagonjwa wako, kwa kifaa hichohicho, kiti hichohicho, programu ya toleo lilelile. Usiwapime vijana wa ofisini kwa sababu tu ndio waliopo: wao wamezoea michezo, nao watakufanya umhukumu kila mzee. Ukiwa na kikundi kidogo, tumia jaribio la takwimu liitwalo t lililorekebishwa na Crawford na Howell mwaka 1998, lililotengenezwa kwa kazi ya kumlinganisha mtu mmoja na kikundi kidogo. Kutumia wastani na mikengeuko sanifu miwili kwa watu 10 kutakuletea wagonjwa wasio wagonjwa.

Hatua ya 8: Upuuzaji au upofu wa nusu?

Wote wawili watakosa vya kushoto, lakini hawakosi kwa namna moja. Mwenye upofu wa nusu, hasa akiwa ameuzoea, anajua kuna kitu kimepungua, na macho na kichwa chake huenda kushoto mara nyingi, wakati mwingine kupita kiasi, akitafuta. Akipewa muda hupata karibu vyote, ila taratibu. Mwenye upuuzaji haendi huko. Ramani ya kichwa chake ina doa zito kulia na weupe kushoto, na anakuambia "nimemaliza" kwa uhakika. Katika kugawa mstari, wa upuuzaji hukosea kuelekea kulia, ilhali mwenye upofu wa kushoto wa muda mrefu mara nyingi hukosea kidogo kuelekea kushoto.

Ndiyo maana jaribio la kwanza halina kikomo kifupi cha muda na kichwa kiko huru. Ukibana muda au ukimzuia asigeuke, unawafanya hawa wawili wafanane. Tena wapo wenye vyote viwili. Hapo andika vyote viwili.

Hatua ya 9: Ripoti na kurudia

Katika ripoti taja kifaa na upana wa kuona wake, toleo la programu, kiti, mkono uliotumika, vitu vilitoweka au vilibaki, na kichwa kilitulia wapi kabla ya kuanza. Weka namba za kila jaribio peke yake, usizijumlishe kuwa alama moja. Halafu sentensi mbili kwa lugha ya kawaida kwa ajili ya muuguzi na familia: anakosa nini, wapi, na wakati gani. "Uwiano 0.69" haumsaidii mke wake. "Akiwa anaongea, hamwoni mtu anayetoka kushoto" inamsaidia.

Kwa kurudia, tumia mpangilio mpya wa vitu wenye ugumu uleule, saa ileile ya siku, na kabla hajachoka na mazoezi mengine. Katika wiki 12 hivi za mwanzo wengi hupata nafuu hata bila tiba mahsusi, kwa hiyo namba zilizopanda wakati huo usiziandike kwa jina la tiba yako. Na ikiwa mara ya pili amefaulu ghafla kupita ulivyotarajia, kabla ya kumpongeza fungua faili la data utazame "nyuzi 0" ilikuwa inaelekea wapi.